Mlango wa Paa na Mashimo ya Mwezi

Gerezani, Bonde la Ufa
21 Machi 2025

Dada yangu Nthoki,

Natumaini barua hii imekufikia ukiwa mzima na kwamba magoti ya Mama yamepata nafuu. Mimi ni mzima. Homa niliyokuwa nayo Januari iliondoka bila dawa. Wamenipeleka karakana ya seremala, napiga randa viti vya shule kuanzia asubuhi, na viganja vimeota sugu kama vya baba. Mama alinitumia salamu kwa mkono wa Wathome, yule katekista anayemsomea barua na kumwandikia. Anasema mbaazi zimekubali mwaka huu.

Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza hukujibu. Sikulaumu.

Nina mambo mawili. Nimeomba Korti Kuu inipunguzie kifungo. Kati ya miaka mitano nimemaliza mmoja na miezi minne. Afisa wa probesheni, anaitwa Bi. Nalianya, atakuja hapo Tassia kukuuliza familia inasemaje. Ameniambia wazi kwamba neno lako ndilo zito kuliko yote.

La pili ni darubini yangu. Bado unayo? Hapa tunafungiwa saa kumi jioni, na dirisha langu linatazama ukuta. Tangu niingie sijauona mwezi vizuri hata siku moja. Ningeomba unitazamie mashimo yake, uniandikie unayoyaona. Mengine yote nimeyazoea, Dada, ila hilo limenishinda.

Ndugu yako,
Nzivo


Tassia, Nairobi
18 Aprili 2025

Nzivo,

Salamu nimezipokea. Mama anatembea, ingawa kwa fimbo. Mimi bado karani palepale Industrial Area, bado naishi ghorofa ya tatu. Landilodi alimaliza kujenga ghorofa ya nane, ile aliyobomolea ukuta wa paa. Ukuta mpya wa paa sasa unamfika mtu mzima kifuani. Keyateka mpya, aliyeshika kazi yako ya kutunza jengo, ni kijana mpole aitwaye Wandera. Maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, kama zamani zako.

Darubini ninayo, iko nyuma ya kabati. Jumapili ya Matawi mwezi ulikuwa mpevu, nikautazama kwa niaba yako. Niliona mashimo mengi sana, na kila shimo lilikuwa na kivuli cheusi ndani, kirefu, mpaka inatisha. Ulikuwa mzuri. Natumaini umefurahi.

Nami nina moja tu la kukuuliza. Siku ile, mlango wa paa ulifunguliwa na nani?

Nthoki


Gerezani
9 Mei 2025

Dada Nthoki,

Nimefurahi kusikia Mama anatembea. Hapa mvua imetutesa, randa zinashika kutu.

Hukuutazama mwezi. Mwezi mpevu hauna vivuli. Siku hiyo jua linaupiga uso wote kwa mbele, kama mtu aliyesimama uwanjani saa sita mchana, na hata shimo la kilomita mia linapotea katika ule weupe. Ungekuwa umetazama ungeniambia habari ya miale ya shimo la Tycho, mistari myeupe inayotawanyika kutoka chini. Kivuli hukioni. Umekaa kitini ukaandika kutoka kichwani, ukidhani sitajua. Wewe tangu shule ulikuwa mvivu wa kutazama. Ulipenda kuambiwa.

Kama una nia, ngoja nusu mwezi. Juni tarehe tatu utakuwa nusu kamili. Siku moja baadaye panda saa moja kasoro, kukiwa bado na mwanga, na utazame pale ambapo mwanga unakutana na giza, hapo tu. Hapo jua ndipo linachomoza na kila ukingo unatupa kivuli. Utafute shimo kubwa karibu na katikati, hilo ni Copernicus. Kusini kabisa kuna Clavius. Lina mashimo madogo ndani yake. Yahesabu uniambie.

Kuhusu mlango, nilishasema kortini chini ya kiapo. Ufunguo ulikuwa umetundikwa kwangu msumarini, ukachukuliwa bila mimi kujua, ukapatikana ulipopatikana. Hakimu alinifunga kwa kutouficha. Sina la kuongeza.

Nzivo


Tassia
6 Juni 2025

Nzivo,

Mama hajambo. Amekuuliza, nikamwambia unapiga randa.

Ulisema kweli, nilikudanganya. Jumatano, tarehe nne, nilimwomba Wandera ufunguo nikapanda. Nilikuwa sijakanyaga paa tangu siku ile. Nilifika mlangoni nikashuka, nikapanda tena. Mawingu yaliachana saa moja kasoro dakika kumi.

Copernicus liko pale ulipolisema. Ukingo umewaka kama pete na katikati ni giza tupu, huoni chini. Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi, na nilipoliangalia tena kulikuwa na nukta ya mwanga ndani ya giza hilo ambayo haikuwapo mwanzo. Sikujua jua linachomoza kule polepole hivyo. Clavius nalo nimeliona. Yale ya ndani ni matano, yamepangana kwa upinde, kubwa hadi dogo. La mwisho nililihesabu mara tatu.

Nimechora yote mawili kwa penseli. Wandera anasema mchoro unafanana.

Bi. Nalianya alikuja. Ni mama mtulivu, alikunywa chai. Nilimwambia bado sijawa tayari, arudi Agosti.

Mchoro ninao hapa mezani. Niambie nani alifungua mlango wa paa, nami nitautuma.

Nthoki


Gerezani
28 Juni 2025

Dada,

Matano, ndiyo. Umetazama kweli. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Wenzangu wa selo wameniuliza kama ni ya mke.

Tuma huo mchoro, tafadhali. Na usiniulize tena kuhusu mlango. Nakuomba kama mdogo wako. Kuna mambo niliyanyamazia kwa ajili yako wewe, si kwa ajili yangu, na ni afadhali yabaki yalivyo. Ukimwambia Nalianya kwamba umenisamehe, naweza kuwa nyumbani Krismasi. Nitakaa kwa Mama, hutaniona Tassia.

Nzivo


Tassia
14 Julai 2025

Nzivo,

Mama anaumwa kifua, lakini anakula.

Umeniandikia barua tano na jina la mwanangu halimo. Anaitwa Kavinya. Alikuwa na miaka tisa, alikuita Anko, na kila ukirudi kazini alikuwa anakungoja kwenye ngazi.

Acha nikuambie kilichobaki kwake. Polisi walikuta ufunguo wa paa kwenye mfuko wa sweta yake ya shule, na wewe ukaapa kwamba aliuiba. Siku ya kumzika, mchungaji alihubiri juu ya watoto wasiosikia. Mwalimu wake wa darasa aliniambia, akidhani ananifariji, kwamba watoto wengine wamejifunza. Baba yake alinilaumu kwamba nimelea mwizi, na juma lililofuata akahama. Miaka miwili nimekuwa mama wa mtoto aliyejiua kwa ukaidi wake.

Nataka kitu kimoja tu. Ukiniandikia ukweli, nitamwambia Nalianya nimekusamehe. Naapa kwa kaburi la Kavinya.

Nakutumia nusu ya mchoro. Nimeukata katikati ya Clavius.

Nthoki


Gerezani
2 Agosti 2025

Dada yangu Nthoki,

Nakusalimu. Pole kwa kifua cha Mama.

Nusu ya mchoro imefika. Nilijaribu kuumalizia mwenyewe, nikashindwa. Nimekaa na penseli siku nyingi, na nimeona kwamba hutaniacha. Afisa anayesoma barua zetu ataisoma na hii. Aisome.

Mlango niliufungua mimi.

Ilikuwa Jumatano, tarehe mosi Machi mwaka juzi. Kavinya alikuja kwangu bado na sare ya shule akasema, “Anko, leo ndiyo siku ya Clavius, uliniahidi.” Landilodi alikuwa amekataza mtu yeyote kupanda kwa sababu ukuta wa upande wa barabara ulikuwa umebomolewa. Mimi keyateka ndiye niliyepewa amri hiyo. Nikamwambia ni dakika kumi tu. Niliweka darubini karibu na tangi la maji, mbali na ule upande, nikamkalisha kwenye debe la rangi. Alilipata shimo haraka kuliko mimi. Akaanza kuhesabu kwa sauti yale madogo ya ndani.

Sasa nakuja kwa lile nililonyamazia. Simu yangu ililia. Ulikuwa wewe. Ulisema, “Nzivo, maji yameisha na nguo zangu ziko kwenye povu. Washa pampu.” Nikakwambia nakuja baada ya dakika tano. Ukasema, “Kila siku ni dakika tano. Acha hilo bomba lako la kutazama mawinguni ushuke sasa hivi, ama nimpigie landilodi.” Hukujua Kavinya yuko nami. Sikukwambia, kwa sababu ungenigombeza kwa kumpandisha.

Nikamwambia, “Kavinya, usitoke kwenye debe.” Akasema, “Sawa Anko,” na jicho hakuliondoa kwenye kioo.

Pampu ilinichelewesha. Nilikuwa nimeinama nayo niliposikia kelele za watu barabarani.

Nilipanda juu kwanza kabla ya kwenda kwake alikoangukia. Darubini ilikuwa imesimama, si pale nilipoiacha. Kwenye vumbi la simiti kulikuwa na alama za miguu mitatu ya darubini, sehemu nne, kila moja karibu na ukingo kuliko iliyopita. Mwezi ulikuwa umeingia nyuma ya tangi. Alikuwa anausogelea pembeni, aupate tena, na jicho liko kwenye kioo. Mtoto hakukaidi. Alikuwa anafanya kama nilivyomfundisha, mwezi ukiondoka unaufuata.

Nilifunga mlango. Nikashuka na ufunguo mkononi. Watu walikuwa wameanza kumzunguka, wewe ulikuwa bado hujatoka. Nilipiga magoti nikamkumbatia, na katika kumkumbatia nikautia ufunguo kwenye mfuko wa sweta yake. Niliona jela, Dada. Sikuona kitu kingine. Niliutia kwa mkono huu ninaoandikia, na alikuwa bado wa moto.

Nilijiambia kwamba nikisema ukweli wa mlango nitalazimika kusema na lile nililonyamazia, na wewe utakufa. Hilo nililitumia kujificha nyuma yake. Lakini si uongo. Ulitaka yote, umepata yote.

Sasa timiza ulichoapa.

Nzivo


Tassia
29 Septemba 2025

Nzivo,

Mama amepona kifua.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tisa Agosti. Niliisoma nimesimama, mkoba bado begani. Bi. Nalianya alikuja siku nne baadaye.

Aliniuliza, “Mama Kavinya, umefikia wapi?” Nikamwambia sina la kusema, barua itasema. Uliandika karatasi tatu. Nilimpa ya kwanza, kwamba ulifungua mlango, na ya tatu, ya ufunguo na sweta. Ile ya katikati, ya simu, nilibaki nayo.

Alisoma, akavua miwani. Akaniuliza, “Zina namba moja na tatu. Ya pili iko wapi?” Nikamjibu kwamba ni mambo ya nyumbani. Akaziweka kwenye faili.

Utakuwa umeshaambiwa kwamba ombi lako lilitupwa Jumatano iliyopita. Nilikuwa kortini, nimekaa nyuma. Jaji alisema mtu aliyeisingizia maiti ya mtoto hana jipya la kuonewa huruma, na akaagiza polisi wachunguze kiapo chako upya. Unaweza kuongezewa miaka. Nilimwomba karani wa korti nakala ya uamuzi, nikaipeleka kwa mchungaji, na kwa mwalimu wake, na kwa baba yake. Mchungaji alisoma mlangoni bila kunikaribisha ndani. Jumapili alisimama akaeleza kanisa zima.

Niliapa kwa kaburi la mwanangu nikavunja. Sijutii. Ningeapa mara kumi.

Maneno yangu ya simu nayakumbuka, huna haja ya kunikumbusha. Umekosea mahali padogo tu. Sikusema “mawinguni”. Nilisema “acha hilo bomba lako la kijinga”. Nguo nilizokuwa nafua zilikuwa sare zake za kesho.

Usiniandikie tena.

Nthoki


Gerezani
10 Oktoba 2025

Nthoki,

Hii ni ya mwisho na ni fupi.

Wapelelezi wamekuja mara mbili. Wameniambia nitarajie miaka mitatu juu ya hii. Nimeondolewa karakana, nasafisha vyoo.

Barua ile ya Agosti niliiandika mara mbili, kwanza kwa mazoezi. Ya mazoezi nilikuwa nayo, karatasi zote tatu. Juzi nimeituma nyumbani kwa Mama. Wathome atamsomea kama anavyomsomea zote, polepole, na kila asichosikia Mama atakirudia. Nimeongeza mstari mmoja chini, kwamba karatasi ya pili wewe uliificha korti isiione.

Nusu ya mchoro nimeichoma.

Nzivo


Tassia
3 Novemba 2025

Nzivo,

Nakuandikia kwa sababu nimetumwa.

Mama alikuja Jumatano iliyopita, peke yake, bila kunipigia simu. Alipanda basi la alfajiri. Wandera alimkuta chini kwenye ngazi saa tisa alasiri amekaa juu ya mkoba wake, akamsaidia mpaka mlangoni kwangu, akanipigia simu kazini. Nilimkuta hapo mlangoni, kwenye kiti alicholetewa. Hakuwa amekunywa hata maji. Mwaka huu amekonda, mikono imekuwa midogo.

Nilimsalimu, akaitikia. Nikaanza kulia, akaniambia ninyamaze kwanza.

Akasema, “Wathome alisoma mara moja. Aliposhindwa kuendelea nikamwambia aendelee. Nataka nikuulize wewe mwenyewe. Ulimpigia simu ashuke?”

“Nilimpigia, Mama. Sikujua mtoto yuko juu.”

“Sikuulizi ulijua nini. Na karatasi ya maneno yako, uliificha?”

“Niliificha.”

“Ukampeleka mdogo wako kwa jaji na karatasi mbili.”

“Alimtia Kavinya ufunguo mfukoni, Mama. Alimtia akiwa bado na joto.”

“Najua alichofanya. Nimesomewa.” Kisha akasema, “Nataka kuona mtoto alikuwa anatazama nini.”

Nilimwambia hataweza ngazi. Alinyanyuka akashika fimbo. Kutoka ghorofa ya tatu mpaka paa tulitumia karibu saa nzima, tukipumzika kila ghorofa. Watu walitoka milangoni, wakampa kiti, alikataa. Mimi nilikuwa nyuma yake na darubini begani, Wandera mbele na ufunguo.

Ulikuwa nusu mwezi, jua ndiyo kwanza limezama. Clavius lilikuwa bado gizani, kwa hiyo nilimwelekezea mashimo ya kusini, pale mwanga unapoishia, yako mengi yamepandana. Nilimfundisha afumbe jicho moja. Picha ikawa inamkimbia, mpaka nikamshika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto anayenyolewa. Akatulia.

Alitazama kwa muda mrefu sana. Mwezi ulipotoka kwenye kioo alisema umeondoka, nikamrudishia. Mara ya tatu ulipoondoka hakusema kitu. Alibaki vilevile ameinama, jicho kwenye kioo kitupu, nami nikaona machozi yameshuka mpaka kwenye chuma.

Tulipomshusha hakula. Alilala kitandani kwangu, mimi sakafuni. Asubuhi alijifunga leso, akachukua mkoba wake. Nilitaka kumbebea, akauvuta upande wa pili.

Mlangoni alinigeukia. Hakupaza sauti. Alisema hivi, na aliniamuru nikuandikie neno kwa neno, kwa kuwa Wathome hawezi kukubali kuliandika:

“Nilizaa watoto wawili na nikapata mjukuu mmoja. Mjukuu mmemuua nyote wawili, kisha mkachukua maiti yake mkaipigania. Mwambie Nzivo, na wewe ujiambie. Siku nikifa, asije hata mmoja wenu kunizika. Nimeshamwachia Wathome jembe.”

Nthoki